Waliohudumiwa Waulizwe Kwanza

Msimu wa kuwatunuku vijana hapa Kisumu huja pamoja na likizo za shule. Hema hukodiwa, viti vya plastiki hupangwa, mgeni wa heshima huchelewa, na wasichana na wavulana waliovalishwa fulana mpya hukaa mstari wa mbele wakisubiri kuitwa, kupewa cheti na kupigwa picha. Sina ugomvi na hema wala na fulana. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwanachama wa kamati ndogo ya mtaa huku Nyalenda inayochagua vijana wa kutambuliwa kwa uongozi na huduma yao, na ninaijua furaha ya mzazi anayemwona mtoto wake akishangiliwa na watu wasio wa ukoo wake. Ugomvi wangu ni na njia ambayo majina hufuata mpaka yakafika mezani petu. Mara nyingi huletwa na watu ambao hawajawahi kuhudumiwa na kijana huyo hata siku moja: mwalimu mkuu, mwakilishi wa wadi, mchungaji, mfadhili. Waliohudumiwa huja siku ya sherehe, wakaketi nyuma, wakapiga makofi pamoja na wengine.

Majina yakiletwa hivyo, wanaochaguliwa hufanana mno. Ni viranja wa shule, ni wenye alama nzuri, ni wanaozungumza Kiingereza bila kukwama, na ni wale ambao kazi yao inaweza kusimama mbele ya kamera. Simaanishi kwamba hawastahili, kwa kuwa wengi wao wanastahili. Nasema tu kwamba tunawatambua vijana wanaojulikana tayari, na hilo halihitaji kamati.

Wapo ambao sifa zao zilivuka mipaka ya nchi, na kwa haki. Mnamo 2017 wanafunzi watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, wakiwa na umri wa kati ya miaka 15 na 17, walibuni programu ya simu waliyoiita i-Cut, ili msichana anayekabiliwa na hatari ya kukeketwa aweze kubofya na kuomba msaada, na yule aliyekwisha kukeketwa aelekezwe mahali pa kuokolewa na kutibiwa. Walijiita The Restorers. Kazi hiyo iliwafikisha California kwenye Technovation, mashindano ya teknolojia ya wasichana, na mwaka wa 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov, ambayo Bunge la Ulaya huwapa watetezi wa haki za binadamu, na ambayo hatimaye ilimwendea Ilham Tohti, msomi anayetetea haki za Wauyghur wa China. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na Waluo, ambao ndio wenyeji wa Kisumu, hawana desturi hiyo. Wasichana hao walilijua tatizo kupitia kwa rafiki yao aliyekeketwa akaacha shule. Kuna mambo mawili ninayoyapenda katika kisa chao kuliko safari za ng'ambo. La kwanza ni kwamba walimtumikia mtu wanayemfahamu kwa jina. La pili ni kwamba walitambuliwa wote watano, pasipo mtu kumnyakua mmoja wao na kumfanya nyota.

Bungoma nako kulikuwa na Stephen Wamukota, mvulana wa miaka 9 ambaye mwanzoni mwa janga la korona alitengeneza kwa mbao kifaa cha kunawia mikono. Ukikanyaga chini kwa mguu, chombo cha maji huinama, nawe hunawa bila kugusa chochote kwa mkono. Sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2020, alitajwa katika orodha ya waliotunukiwa na Rais Tuzo ya Uzalendo. Hakuwa amefika hata umri wa ubarobaro, lakini ninamtaja kwa sababu tuzo yake inaonyesha ni kazi ya aina gani inayofika upesi mbele ya wakubwa, yaani ile yenye kitu cha kushikika. Kifaa kinaweza kupigwa picha, kikawekwa gazetini, na msomaji akaelewa papo hapo. Huduma nyingi zinazotolewa na vijana wa mtaani kwetu hazina kifaa. Ni kumsindikiza kipofu mpaka kanisani, ni kuwavusha watoto wa chekechea barabara kuu asubuhi, ni kuamua ugomvi wa foleni kwenye kioski cha maji kabla mitungi haijaanza kurushwa. Mpiga picha atafanya nini na mambo kama hayo?

Jina lililotubadilisha kamati lilikuja kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mwenye kulileta ni ajuza mmoja ambaye ploti nzima humwita Dani. Hajui kuandika, hivyo alimtajia jirani maneno naye akaandika kwa kalamu ya risasi mistari michache tu, bila anwani wala mhuri, mahali ambapo shule zilikuwa zimeleta barua ndefu zenye nembo. Ilisema kwamba kuna msichana wa Kidato cha Tatu anayemsaidia na dawa, na kwamba kama kuna zawadi, basi apewe huyo.

Kamati iligawanyika. Mzee mmoja ambaye ninamheshimu sana aliuliza kama kusoma bahasha za dawa ni uongozi, au ni adabu tu ambayo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anapaswa kuwa nayo. Mwingine alitafuta matokeo yake ya shule, akatuambia ana alama ya D+, kana kwamba hilo lilimaliza neno. Tukaamua kwenda kwenye ploti hiyo siku ya Jumamosi tujionee wenyewe.

Tulimkuta msichana amekaa kwenye kibao mlangoni mwa Dani, mbele yake sinia ambayo juu yake kulikuwa na bahasha ndogo ndogo za karatasi, zile ambazo zahanati hutilia vidonge. Wazee anaowahudumia kwenye ploti hiyo na ile jirani wanatumia dawa za presha na za sukari, na karibu wote hawasomi. Kila bahasha aliitoboa pembeni kwa sindano akapitisha uzi. Uzi wenye fundo moja ni wa dawa ya asubuhi, wenye mafundo mawili ni wa jioni, na wa kumeza baada ya chakula alikuwa ameufunga pamoja na kipande cha kitambaa chekundu. Mzee aliyepungukiwa na macho huyapapasa mafundo kwa vidole. Ukutani, kwa chaki, aliandika tarehe ambayo kila mmoja anapaswa kurudi kliniki. Kwa kuwa yeye yuko shule ya kutwa na jioni hana nafasi, aliwafundisha wasichana wengine watatu wa hapo, akawagawia siku, na zamu zao zilikuwa zimeandikwa nyuma ya mlango. Yule mzee wa kamati aliitazama ile orodha ya zamu kwa muda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe amekuwa mwenyekiti wa vikundi vitatu maishani mwake na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwa na zamu zinazofuatwa.

Dani alieleza kisa chake kwa ufupi. "Mwalimu," aliniambia, "daktari ananiambia mara moja tu. Huyu mtoto ananiambia kila Jumamosi."

Mwenyekiti wetu alimuuliza msichana angependa kutuzwa kwa kitu gani. Nilitarajia ataje mkoba, viatu au karo. Alisema angependa mtu wa hospitali amweleze kwa nini vidonge vya presha vya mzee mmoja, ambavyo siku zote vilikuwa vyeupe, mwezi huo vilikuja vya rangi nyingine. Aliogopa kumwambia ameze na akaogopa kumwambia asimeze. Alikwenda kuuliza dirishani kwenye zahanati akafukuzwa kwa kuwa ni mtoto na mgonjwa si wake. Jambo lenyewe ni la kawaida, kwa maana dawa ileile hutengenezwa na viwanda tofauti na kila kimoja huipa rangi yake, lakini nani alikuwa amemwambia? Alilala usiku kadhaa akilifikiria.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tuzo tuliyozoea kutoa ingemdhulumu. Tungempa cheti, tungempigia makofi, kisha tungemrudisha kwenye sinia lake akiwa na mzigo uleule ambao haukuwa wake peke yake. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba ya vifaa, kazi yao ikiwa kuzungukia nyumba, kupima presha na sukari, na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Wa kwetu yupo, ni mama mchapakazi mwenye nyumba nyingi mno za kutembelea, na hakujua kwamba kuna msichana anayefanya kipande cha kazi yake mlango kwa mlango. Tuliwakutanisha. Sasa mama huyo hupitia bahasha zote kila zinapochukuliwa zahanati, hukagua mafundo, na lolote la kutatanisha hulibeba yeye. Msichana amebaki na kile anachokiweza kuliko mtu mzima yeyote: kuwakumbusha wazee, kwa uvumilivu, kila wiki. Cheti alipewa pia, na alikifurahia, nisije nikaonekana ninadharau vyeti.

Kutokana na hilo nimefikia msimamo kwamba kumtambua kijana anayehudumu kuna sehemu mbili, na sisi tumezoea moja. Kusifu tunajua. Sehemu ya pili ni kukagua kazi yenyewe kwa karibu na kumpunguzia kijana yale ambayo watu wazima au ofisi fulani walipaswa kuyafanya. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalilionyesha hili vizuri zaidi kuliko maneno yangu. Katika nyanda za Kano, kandokando ya mto Nyando, na kule Budalang'i ambako mto Nzoia hufurika kabla ya kuingia ziwani, maji yanapopanda ni vijana wa umri huu wanaobeba wadogo zao mgongoni na kurudi kuwachukua majirani wazee. Ukifika kwenye kambi ya waathiriwa utawasikia akina mama wakiwataja kwa majina. Nami ningewatambua bila kusita kwa yale wanayoyafanya kambini: kupanga watoto wakati wa chakula, kuanzisha masomo chini ya mti shule zikiwa zimefungwa, kuandika majina ya familia. Lakini mvulana wa miaka 15 aliyepiga makasia usiku katika maji yanayokwenda kasi, kwa kuwa hakuna mashua ya uokoaji iliyofika, simpi nishani mbele ya wadogo zake nikawafundisha kwamba huo ndio utumishi. Nitamshukuru faraghani, kisha barua ya kamati itakwenda kwa wenye mashua.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao huniudhi. Mvulana akizibua mtaro siku moja pamoja na wenzake, wakati mto Auji umejaa na Nyalenda inanuka, tunamwita kiongozi. Msichana akilea wadogo wanne, wawili wao si wa mama yake, akawaogesha, akawapeleka shule, akawarudisha na kuwasimamia wakisoma, tunasema anasaidia nyumbani. Katika barua zote zilizoletwa na shule sijaona hata moja iliyotaja kazi ya namna hiyo. Katika majina yaliyoletwa na waliohudumiwa zimetajwa mara kwa mara.

Mpango ambao ningependa ufike katika kila shule ya kutwa mtaani ni ule wa Tuzo ya Rais, ambao uliingia Kenya mwaka wa 1966 ukifuata mfano wa tuzo iliyoanzishwa na Prince Philip nchini Uingereza mwaka wa 1956, na ambao mwaka 2017 ulipewa sheria yake. Huwapokea wenye umri wa miaka 14 hadi 24, kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mshiriki huchagua huduma ya kutoa, ujuzi wa kujifunza na mazoezi ya mwili, akavifanya kila wiki kwa miezi, kisha hufunga safari ya miguu na kulala porini. Ngazi ya dhahabu huongezewa kukaa siku kadhaa kwenye mradi pamoja na watu asiowafahamu. Ubora wake ni kwamba hakuna anayemshinda mwenzake. Anayetimiza hupata, hata wakiwa mia, na kipimo kikubwa ni kuendelea. Kijana aliyejitokeza mara moja siku ya usafi, akapigwa picha na fagio, hawezi kupenya hapo. Tatizo ni kwamba mpango wa namna hii huhitaji mwalimu wa kuusimamia na nauli ya safari, na katika shule za mtaani vitu hivyo viwili ndivyo adimu. Ninaweka matumaini kiasi katika somo la mafunzo ya huduma kwa jamii, ambalo mtaala mpya umelifanya la lazima katika shule za sekondari ya juu kuanzia Gredi ya 10. Lakini nina hofu pia. Mwanafunzi akitumwa na mwalimu kwenda kuhudumu, ripoti ikaandikwa na yeye, ikasomwa na mwalimu, tutakuwa tumerudi palepale. Aliyehudumiwa atie sahihi, au dole gumba.

Halafu kuna vikwazo vya umri ambavyo mfadhili wa Nairobi havioni. Katiba yetu humhesabu kijana kuanzia miaka 18 mpaka kabla ya 35, kwa hiyo fedha na mipango mingi ya vijana haimgusi mwenye miaka 16, ambaye kisheria ni mtoto. Hana kitambulisho. Hawezi kusajili kikundi kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki pasipo mtu mzima, na laini ya simu anayoitumia imesajiliwa kwa jina la mama. Hundi kubwa ya kadibodi inayokabidhiwa jukwaani huishia mikononi mwa mtu mwingine, na mara nyingine haifiki popote. Ninafahamu mvulana aliyetangaziwa hadharani basari na taasisi moja, watu wakapiga vigelegele, na mpaka leo shule yake inasubiri. Kwa hiyo sisi hatutangazi fedha. Tukiwa nazo, tunalipa karo au kununua kinachohitajika kabla ya siku ya sherehe.

Picha nazo zinataka uangalifu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake, lakini mwanasiasa akipewa kipaza sauti husahau. Tuliwahi kumwona mvulana akitambulishwa jukwaani kama aliyekuwa chokoraa wa Kondele, wakati alichotuzwa ni kuwafundisha watoto wenzake mpira na kuwarudisha shule. Darasa lake halikujua historia hiyo, na kesho yake lilijua. Tangu hapo maelezo ya kila kijana husomwa na yeye mwenyewe kwanza, naye akifuta sentensi, imefutwa.

Wapo wanaoniambia kwamba haya yote ni kuharibu watoto, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ninawaelewa, kwa sababu nimemwona kijana aliyepewa tuzo akaanza kutuma wenzake na yeye akawa mtu wa kuhojiwa redioni. Ila methali hiyo haisemi mgema aachwe bila kutambuliwa. Sifa za jumla, za kwamba wewe ni kiongozi wa kesho, ndizo zinazolevya. Kumwambia mtu kwamba Dani hajakosa dawa yake tangu ulipoanza, na kwamba wiki ulipokuwa mgonjwa wenzako hawakuvunja zamu, hakumpandishi mtu kichwa. Humwonyesha tu kazi yake ilivyo. Na wahenga haohao walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi kwetu huku tumewaachia wageni watutunzie.

Mwaka huu kamati imebadilisha utaratibu. Fomu za shule bado tunazipokea, lakini kila jina lazima liungwe mkono na watu wawili waliohudumiwa, wasio ndugu wa kijana, nao husikilizwa kabla barua ya mwalimu haijafunguliwa. Wasiojua kuandika huja wenyewe, au mzee wa nyumba kumi huwaletea ujumbe wao, na lugha yoyote wanayoizungumza inakubaliwa. Vikundi vinaruhusiwa, na wale wasichana wanne wa zamu wameshapata barua nne, kila moja ikieleza alichokifanya mwenye barua, kwa muda gani na kwa nani, ikiwa na sahihi ya chifu na mwalimu mkuu, ili siku atakapoomba nafasi ya chuo au kazi awe na kitu chenye maelezo ndani yake. Chifu pia amekubali kwamba vijana waliotambuliwa watapewa nafasi ya kuzungumza barazani, jambo ambalo wazee wawili wamelipinga na bado tunalijadili. Katika baraza lililopita msichana wa zile nyuzi alisimama akauliza kwa nini zahanati haiwezi kuwaandikia wasioona vizuri kwa namna wanayoweza kuitambua, akaonyesha bahasha yake yenye fundo. Afisa wa zahanati aliyekuwapo aliiomba aende nayo. Bado hajairudisha, na mwenyewe ameshamkumbusha mara mbili.